Taveta, Mji Ulioandikwa na Wapitaji

Msafara uliotoka Mombasa au Vanga katika karne ya 19 kwenda Kilimanjaro ulikuwa na adui wa kwanza kabla ya Mmaasai na kabla ya simba: kiu. Nyika ya Taru haikuwa na mto wa kutegemewa. Wapagazi walibeba maji kwenye vibuyu juu ya mizigo yao ya shanga, nguo na masango, wakatembea usiku kukwepa jua, na aliyedondoka njiani mara nyingi aliachwa. Kisha, baada ya siku nyingi za miba na vumbi jekundu, ardhi ilibadilika. Mto Lumi, unaotoka miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro kuelekea Ziwa Jipe, ulikuwa umeotesha msitu mnene katikati ya uwanda mkavu. Ndani ya msitu huo kulikuwa na migomba, mahindi, asali, samaki na watu waliokuwa tayari kuuza chakula. Hapo ndipo Taveta.

Kuingia hakukuwa kwepesi. Njia zilikuwa nyembamba, zimefunikwa na matawi, na penye mapito palijengwa malango ya magogo ambayo mtu aliyapita akiinama, mmoja baada ya mwingine. Wageni walioyaona waliyaandika kwa mshangao. Wamaasai walitamba uwandani kote, lakini katika msitu wa Taveta ngao kubwa na mkuki mrefu havikuwa na nafasi. Mtu anayeingia ameinama hawezi kupigana, na waliomsubiri ndani walilijua hilo vizuri.

Kwa sababu hiyo msitu ulivuta watu. Wataveta ni jamii iliyochanganyika tangu mwanzo: koo zao zinajitaja asili ya Taita, Upare, Usambaa, Uchagga na Ukambani, na baada ya vita vya Wamaasai kwa Wamaasai waliongezeka pia Wakwavi waliopoteza ng'ombe wao wakakubali kushika jembe. Hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliendeshwa na baraza la wazee lililoitwa njama, pamoja na rika zilizopokezana madaraka. Wazungu waliofika wakitafuta sultani wa kusaini naye mkataba walipata tabu kidogo, maana kila walipomwomba mtu awapeleke kwa mkubwa wa nchi, waliletewa wazee wengi wenye maswali mengi.

Kwa watu wa Pwani, Taveta ilikuwa kituo cha kujipanga. Upande wa pili wa msitu palianza nchi ya Wamaasai, ambako pembe za ndovu zilipatikana kwa bei nzuri lakini kila kambi iliyopitiwa ilidai hongo. Kwa hiyo misafara ilikaa Taveta majuma, wakati mwingine miezi: kununua chakula cha akiba, kutibu vidonda vya miguu, kungoja misafara mingine ili waingie wakiwa wengi, na kutunga shanga. Kazi hiyo ya mwisho ilichukua muda mrefu kuliko mtu anavyodhani. Mmaasai hakupokea shanga zilizomwagwa mkononi. Alizitaka zimetungwa kwenye uzi kwa urefu aliouzoea, na asiyezileta hivyo hakufanya biashara. Ukipita kwenye vibanda vya Waswahili pale msituni ungewakuta wanaume wazima, walioshika bunduki nusu ya maisha yao, wamekaa kivulini wanatunga nyuzi kwa maelfu.

Kati yao aliyevuma zaidi alikuwa Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe aliyeachiwa alama za ndui usoni na kupoteza jicho moja. Vitabu vya wapelelezi humtaja kama msaidizi. Mambo yenyewe yanaonyesha kinyume chake. Joseph Thomson, Mskoti kijana aliyetumwa na Jumuiya ya Kijiografia ya London, alifika Taveta mwaka 1883 akiwa na msafara wake mwenyewe, viongozi wake Makatubu, Muhinna na Manwa Sera, na Antonio, baharia kutoka Malta aliyejiita James Martin. Aliingia Umaasaini, akakuta nchi imechafuka, akarudi haraka Taveta, akaenda mbio hadi Mombasa kutafuta watu na bidhaa zaidi. Alipojaribu tena katikati ya mwaka huo alifuatana na msafara wa Kimemeta, na safari hii alifika mbali hadi Ziwa Baringo na mpaka wa Busoga. Miaka minne baadaye alifika Samuel Teleki, kabaila tajiri wa Hungaria mwenye mwili mkubwa, pamoja na luteni wa jeshi la maji Ludwig von Höhnel. Nao waliweka kambi Taveta na wakaingia kaskazini pamoja na Kimemeta. Machi 1888 waliliona ziwa kubwa la maji ya kijani wakalipa jina la mrithi wa kiti cha Austria, Rudolf. Sasa ni Ziwa Turkana. Mtu mmoja wa Pangani alikuwamo katika safari mbili kati ya zilizosifiwa zaidi Ulaya kwa nchi hii, na jina lake halikupewa hata kilima.

Mwingine wa kukumbukwa ni Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa Gazi, kusini mwa Mombasa. Huyu alizijua njia za misafara kwa kichwa: kambi kwa kambi, kisima kwa kisima. Mmishonari Thomas Wakefield wa Ribe alikaa naye akaandika aliyosema, na maelezo hayo yakachapishwa London mwaka 1870. Wachora ramani waliolijaza bara tupu kwa majina walitumia ulimi wa Sadi wakiwa hawajaondoka kwenye meza zao.

Wapitaji waliongezeka. Charles New alipita mwaka 1871 akielekea kwenye theluji. May French Sheldon, Mmarekani aliyebebwa kwenye kiti cha henzerani kilichofumwa mahususi kwa safari hiyo, alifika mwaka 1891, akateremka ukingo wa Ziwa Chala na kuelea juu ya maji yake kwa mashua. Ziwa hilo la volkeno, lenye kina cha zaidi ya mita 90, liko kilomita chache tu kaskazini mwa mji, halina mto unaoonekana ukiingia wala kutoka, na maji yake huja chini kwa chini kutoka mlimani. Wenyeji walikuwa na habari zao kuhusu waliozama humo, na hawakuona sababu ya kushindana nalo.

Mwaka 1884 alikuja mpitaji wa namna nyingine. Harry Johnston alikuwa na umri wa miaka 26, ametumwa kukusanya mimea, ndege na wadudu wa Kilimanjaro. Alikaa kwanza Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye watu wa Pwani walimwita Mandara, wakakosana, akahama. Mnamo Septemba mwaka huo alipata kwa wazee wa Taveta kipande cha ardhi msituni, kwa mapatano ya karatasi. Kwa wazee, kumpa mgeni mahali pa kujenga lilikuwa jambo la kawaida. Walikuwa wamewapa Waswahili wengi kabla yake, nao hawakudai kuwa nchi imekuwa yao. Karatasi ya Johnston ilipelekwa Uingereza, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Manchester, ikawa miongoni mwa hoja za kuanzishia kampuni iliyokuja kuitawala Kenya.

Mwaka uliofuata kila mwenye bendera alitaka kuipandisha. Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Jenerali Lloyd Mathews na askari, na machifu wa Uchagga na wazee wa Taveta wakatamka kuwa ni watu wa Sultani. Bendera nyekundu ikapanda. Majuma machache baadaye Karl Jühlke, mtu wa Mjerumani Carl Peters, akafika na mikataba ya Kijerumani, na Mandara akatia sahihi huko pia. Mandara hakuwa mjinga. Alikuwa mangi mwenye maadui pande zote, na kila bendera ilikuja na bunduki.

Mambo yalimalizwa mbali na Kilimanjaro. Katika mapatano ya Uingereza na Ujerumani yaliyokamilika Novemba 1886, mstari ulianzia mdomo wa mto Umba, ukanyooka hadi Ziwa Jipe, ukalizunguka ziwa kwa mashariki na kaskazini, ukavuka Lumi, ukapita katikati ya nchi za Taveta na Uchagga, ukauzungukia mlima kwa kaskazini, kisha ukanyooka tena hadi Ziwa Victoria. Ule upinde unaoonekana kwenye ramani ya Kenya na Tanzania ni huo. Bado kuna watu wanaosimulia, na baadhi ya waongozaji wa watalii huwasimulia wageni, kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaisari Wilhelm mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi ni tamu lakini haina miguu: mwaka 1886 Wilhelm hakuwa Kaisari bado, babu yake ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Mlima ulikwenda kwa Wajerumani kwa sababu ya karatasi za Jühlke, na Taveta ikabaki kwa Waingereza kwa sababu ya karatasi ya Johnston. Kijana aliyekuja kukamata vipepeo alikata nchi.

Wataveta waliamka siku moja wakakuta ndugu zao wa Upare na Uchagga wako katika dola nyingine. Kwa miaka michache mstari huo haukubadilisha chochote. Migomba haikujua mpaka, na Lumi iliendelea kumwaga maji yake Jipe, na Jipe katika Ruvu, na Ruvu katika Pangani hadi baharini upande wa Wajerumani.

Uzito wa mstari ulianza kuonekana mwaka 1892. Mangi Meli, mwana wa Mandara, alikishinda kikosi cha Wajerumani huko Moshi, na kamanda wao von Bülow akauawa. Wajerumani walitafuta wa kumlaumu, wakawaona wamishonari wa Kiingereza wa CMS waliokuwa wakifundisha Moshi. Padri Steggall na wenzake wakalazimika kuondoka. Hawakwenda mbali: walivuka mpaka, wakajenga Taveta mahali walipopaita Mahoo, na baadhi ya wanafunzi wao wa Kichagga wakawafuata. Mwaka 1895 misheni hiyo ikaanza kutoa Taveta Chronicle, jarida dogo ambalo wanahistoria wa vyombo vya habari hulihesabu miongoni mwa ya kwanza kabisa katika nchi iliyokuja kuwa Kenya. Nairobi haikuwapo. Palikuwa na kinamasi cha maji baridi na ng'ombe wa Wamaasai, wakati Taveta ina gazeti.

Mwishoni mwa karne hiyo serikali ya Kiingereza ilimweka pale ofisa aliyekuwa na masikio. Claud Hollis aliwasikiliza wazee, akaandika kuhusu historia na desturi za Wataveta, kazi iliyochapishwa mwaka 1901. Baadaye aliandika kitabu maarufu juu ya Wamaasai, na kuanzia mwaka 1924 wasomaji wa Unguja walimjua kama Balozi Mkazi wa Uingereza chini ya Sultani Khalifa bin Haroub. Alikuwa mtawala kama watawala wengine, lakini mengi tunayoweza kusoma leo kuhusu njama na rika za Taveta tunayapata kwake.

Kisha reli ya Uganda ilipita Voi ikaenda zake. Tangu ilipoanza kazi, mizigo ya ndani haikuhitaji tena msitu wa Taveta. Misafara ilikoma, vibanda vya Waswahili vikaoza, na mji ukawa boma dogo la mpakani lenye ofisa, askari polisi wachache na duka la Mhindi. Pengine ungebaki hivyo, kama si vita.

Tarehe 15 Agosti 1914, siku kumi na moja baada ya Uingereza kuingia vitani, kikosi cha Wajerumani kilivuka kutoka Moshi kikaiteka Taveta. Aliyekiongoza alikuwa Kapteni Tom von Prince, ambaye Watanganyika walimwita Bwana Sakarani, yule yule aliyepigana na Mkwawa wa Wahehe hadi mwisho wa Mkwawa mwaka 1898. Ofisa wa Kiingereza na polisi wake walifyatua risasi kadhaa, Mjerumani mmoja akafa, kisha wakarudi nyuma kuelekea Voi. Von Prince mwenyewe hakuishi kuona mwaka mpya: aliuawa Novemba katika mapigano ya Tanga. Lakini kwa miezi 19 bendera ya Ujerumani ilipepea ndani ya ardhi ya Uingereza, jambo ambalo London haikulipenda hata kidogo.

Sababu ya kuung'ang'ania mji mdogo namna hiyo ilikuwa jiografia. Kati ya Kilimanjaro na milima ya Upare kuna pengo, na jeshi lolote linalotaka kuingia Tanganyika kutoka kaskazini lingepita hapo, kwa kuwa ndiko kwenye maji. Na kutoka Taveta vikundi vidogo vya Wajerumani vilikuwa vinapenya nyika usiku hadi reli ya Uganda, vinatega baruti chini ya mataruma, vinarudi. Waingereza waliamua kujenga reli yao ya vita kutoka Voi kuelekea magharibi, kituo kwa kituo, Bura, Maktau, Mbuyuni, na kuvuta maji kwa mabomba kutoka milima ya Bura. Mafundi wengi walikuwa wa kutoka India. Waliobeba, kuchimba na kufa kwa kuhara walikuwa wapagazi wa jeshi, walioitwa Kariakoo, waliokusanywa kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki.

Mbele ya Taveta kuna kilima kifupi kinachoitwa Salaita. Ukipita leo kwa gari unaweza usikigundue. Wajerumani, chini ya Meja Kraut, walichimba mahandaki yao, na tarehe 12 Februari 1916 Waingereza wakakishambulia kwa askari wapatao 6,000, wengi wao Waafrika Kusini weupe ambao ndiyo kwanza wameshuka melini. Walikuwa wamekuja na dharau zao. Waliwaita Wahindi waliopigana upande wao majina ya matusi, na askari weusi wa upande wa pili hawakuwahesabu kuwa askari. Mizinga ikapiga juu ya kilima, kumbe mahandaki yalikuwa chini, kwenye majani marefu. Waafrika Kusini wakasonga mbele wakapokewa kwa bunduki za rashasha, kisha askari wa Kijerumani, vijana wa Kinyamwezi, Kisukuma na makabila mengine, wakawajia kwa singe. Mstari ukavunjika. Waliozuia maafa yasiwe makubwa zaidi ni Wabaluchi wa jeshi la India waliosimama imara wakafunika kurudi kwao. Inasimuliwa kwamba baadaye Wabaluchi waliwarudishia Waafrika Kusini silaha walizoziacha uwanjani, pamoja na ujumbe mfupi wa kejeli. Yaliyosemwa yanatofautiana kwa msimuliaji, lakini baada ya Salaita majina ya matusi yalipungua.

Siku chache baadaye alifika Jenerali Jan Smuts, akaepuka kosa la waliomtangulia. Alituma wapanda farasi wa van Deventer wazunguke kaskazini kwa njia ya Ziwa Chala, na Wajerumani, wakiogopa kukatiwa nyuma, wakaiacha Salaita na Taveta bila vita kubwa. Mapigano makali yalibaki kwa vilima viwili magharibi ya mji, Latema na Reata, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi 1916. Hapo walipigana Wabaluchi, Warhodesia, Waafrika Kusini na askari wa Keya, Waafrika wa jeshi la Waingereza, ambao kamanda wao wa kikosi cha tatu, Luteni Kanali Graham, aliuawa mteremkoni. Kulipokucha Wajerumani walikuwa wameondoka. Moshi ikaangukia mikononi mwa Smuts siku chache baadaye, na reli ya Voi ikasukumwa mbele hadi Kahe ikaungana na ile ya Tanga. Vita vikahamia kusini na kuendelea kwa zaidi ya miaka miwili.

Taveta ina makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri, nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa, majina ya vijana wa Uingereza na Afrika Kusini yanasomeka. Siwalaumu wanaoyatunza. Ila mtu anayezijua hesabu za vita ile anajua kwamba waliokufa wengi zaidi walikuwa wapagazi, na mpagazi hakuchongewa jiwe. Watalii wa historia huonyeshwa pia mbuyu mmoja na hadithi ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani yake akilenga shabaha. Ni hadithi ya kupendeza kwa wageni. Mpagazi aliyekufa kwa kiu chini ya mbuyu kama huo haelekei kuwavutia.

Amani ilileta kitu ambacho vita haikukileta: mtu mmoja wa nje alikuja akakaa.

Ewart Grogan alizaliwa London mwaka 1874. Alijulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliyoimaliza mwaka 1900, na kwa simulizi kwamba aliifanya ili apewe ruhusa ya kumwoa Gertrude Watt, binti ambaye jamaa zake walimwona Grogan kuwa si lolote. Kenya alikuja mwaka 1904, akapata misitu ya mbao, viwanja Nairobi, gati Mbaraki huko Mombasa. Machi 1907, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu wavuta rikisho, mbele ya mahakama ya Nairobi, huku umati wa Wazungu ukimshangilia. Alifungwa mwezi mmoja, na walowezi wengi walimtembelea kama shujaa. Jina la mkewe, aliyefariki mwaka 1943, limebaki kwenye hospitali ya watoto ya Gertrude's Garden, iliyoanza Muthaiga mwaka 1947 kwa ardhi aliyoitoa Grogan. Watu wa Nairobi humkumbuka kwa hospitali. Watu wa Taveta wana kumbukumbu nyingine.

Grogan aliiona Taveta kama mhandisi anavyoona mto. Katika miaka ya 1930 alianza kuigeuza nchi ya chini ya msitu, kuelekea Jipe na Ziwani, kuwa mashamba ya katani. Alichimba mifereji kutoka chemchemi za Njoro Kubwa, akamwagilia maji mahali ambapo kwa miaka mingi paliota michongoma. Juu ya kilima cha Girigan alijijengea jumba ambalo wenyeji na wageni wanaliita ngome, lenye kumbi za duara, madirisha mapana, Kilimanjaro upande mmoja na Jipe upande wa pili. Kwa kazi ya ardhi alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Lakini mifereji ya kwanza ya Taveta haikuwa yake. Wataveta na jirani zao Wachagga walikuwa wakigawana maji kwa mifereji tangu enzi za malango ya magogo, na waliogawana waliyagawa kwa zamu, si kwa hati.

Hati ndiyo iliyokuja kuumiza. Upande mmoja wa mji kukawa na mashamba makubwa ya katani. Upande mwingine, mwaka 1948, ikatangazwa hifadhi ya Tsavo, ambayo leo inachukua karibu asilimia 62 ya kaunti nzima ya Taita-Taveta. Mtu aliyezaliwa Taveta akabanwa katikati: akisogea mashariki anakutana na tembo wa serikali, akisogea kusini anakutana na mkonge wa bwana. Watu waliokuwa na msitu wa kuwapa wageni wakaanza kuitwa maskwota. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 bendera ilibadilika, hati hazikubadilika. Grogan, mzee sana, aliihama Kenya akafia Cape Town mwaka 1967, akiwa na miaka 92. Mashamba yalipita kwa familia ya wakulima wa mkonge wenye asili ya Ugiriki, akina Criticos, na mmoja wao, Basil Criticos, akawa mbunge wa Taveta katika enzi za KANU. Kwa hiyo kuna kipindi ambapo mwenye shamba kubwa na mwakilishi wa wasio na shamba walikuwa mtu mmoja. Hakuna mwandishi wa tamthilia ambaye angethubutu kulibuni hilo.

Mwaka 2002 wapiga kura wa Taveta walimchagua Naomi Shaban, daktari wa meno, ambaye alishikilia kiti hicho hadi 2022 na kuwa waziri katika serikali ya mseto ya Mwai Kibaki na Raila Odinga. Kwa jimbo dogo la mpakani, miaka 20 ya mbunge mwanamke si jambo dogo, na nchi nzima ilikuwa na majimbo machache sana ya kulinganisha nalo. Suala la ardhi lilikuwapo alipoingia, na lilikuwapo alipotoka.

Mpaka nao ulipata siku zake za ukali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari, na ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Treni ya Voi kwenda Moshi ilikatika. Kijiji cha Holili upande wa Tanzania na mji wa Taveta vilitazamana kama majirani walionuniana kwa ugomvi wa wakubwa wao. Nimesema vilitazamana, watu wenyewe hawakukaa kutazama. Ilikuwa miaka ambayo sabuni, mafuta ya kupikia na sukari vilikuwa haba Tanzania, na kwa njia za panya za msituni bidhaa zilivuka usiku zikielekea Himo na Moshi, huku kahawa na mifugo vikija upande huu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, wengi wa mpakani walikuwa na la kujibu. Kina mama waliobeba miche ya sabuni vichwani walikuwa wanatembea katika mapito yale yale ya Kimemeta na wenzake, mizigo tu ndiyo imebadilika.

Leo mambo yako wazi zaidi. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Holili na Taveta kilizinduliwa mwaka 2016, na msafiri hugongewa paspoti mara mbili chini ya paa moja. Barabara ya lami imefika kutoka Voi kupitia Mwatate, na safari iliyokuwa ya vumbi na kupasuka matairi sasa ni ya saa chache. Soko la Taveta, siku za Jumatano na Jumamosi, ni moja ya masoko yenye shughuli nyingi mpakani kote: vitunguu, nyanya, maharage na mahindi kutoka Tanzania, ndizi za Taveta zenyewe zikipakiwa kwa malori kwenda Mombasa na Nairobi. Bodaboda huvuka na kurudi. Watu husalimiana Kitaveta, Kipare, Kichagga, na kufanya hesabu kwa Kiswahili, shilingi mbili za thamani tofauti zikibadilishwa kichwani kwa kasi ambayo benki haiwezi. Ukiuliza bei utaulizwa kwanza: ya Kenya au ya Bongo?

Msitu umekwisha karibu wote. Kipande cha Kitobo, kusini mwa mji, ndicho kilichosalia kuonyesha Johnston na Thomson waliingia mahali gani, nacho ni kidogo, kimezungukwa na mashamba, kinakatwa kidogo kidogo kwa kuni na mbao. Ziwa Jipe linajaa magugu na udongo unaoletwa na maji kutoka juu, na wavuvi wa pande zote mbili wanalalamika kwa lugha moja.

Ninachowaomba wasomaji wa Taveta, Mwatate, Voi, Holili na Himo ni jambo la kufanyika mwaka huu, si la kusubiri serikali. Mji huu una vitabu vingi, karibu vyote vimeandikwa na waliopita. Kama babu yako alikuwa askari wa Keya au mpagazi, kama bibi yako alivusha sabuni mwaka 1981, kama mzee wa ukoo wenu bado anakumbuka njama ilivyokaa na nani aligawa maji ya Lumi, chukueni simu zenu mrekodi. Andikeni majina yao kamili, vijiji vyao na rika zao, kisha mpeleke nakala katika maktaba ya kaunti na katika shule walizosoma wajukuu zao.